Jiwe Nililoliweka Lugulu

Jirani yangu hapa Nyasubi, Kahama, anaponda kokoto. Anakaa chini ya turubai tangu asubuhi, nyundo mkononi, na kila jiwe kubwa linapopasuka hutoka harufu fulani, kama ya kiberiti kilichowashwa mahali penye unyevu. Wapangaji wenzangu wanalalamikia vumbi na kelele. Mimi hufunga dirisha kwa sababu ya ile harufu. Inanipeleka kwa Bibi, mwaka ambao nilikuwa na miaka tisa, na inanikumbusha kwamba niliwahi kumwonea mtoto mwenzangu wivu mpaka nikafanya jambo lililowanyamazisha watu wazima. Nimejaribu kuliandika mara nyingi. Kila nikisoma nilichoandika nakuta nimejipunguzia kosa hapa, nimejiongezea huzuni pale, nachana. Safari hii naliacha lilivyo.

Baba alikuwa amekwenda kuchimba upande wa Bulyanhulu. Mama alikuwa anauza mitumba na kurudi nyumbani giza limeingia, akaona nisije nikaharibika kwa kukaa peke yangu. Nikapelekwa kwa Bibi, mama yake Baba, kijijini upande wa Ushirombo. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mlima wa mawe ulioitwa Lugulu. Kwa Kisukuma lugulu ni mlima tu, lakini pale mtu akisema Lugulu hakuna anayemuuliza upi. Mawe yake ni makubwa kuliko nyumba, yamebebana, mengine yamekalia ncha za mengine kwa namna ya kumtia mtu wasiwasi, na mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Wiki ya kwanza nililala nikisikiliza kama yanateleza.

Watu walikuja kuutazama. Walikuja wanafunzi, wanakwaya, wageni wa mapadri, maharusi wa kupiga picha. Walikuja kwa sababu ya vita. Zamani, kabla ya wazungu kufika, Watuta, ndio Wangoni waliopanda kutoka kusini wakiwa na mikuki mifupi na ngao za ngozi ya ng'ombe, waliwashambulia watu wetu. Watu wetu wakapanda mlimani na ng'ombe wao na uwele wao. Mishale ilipowaishia wanaume, wanawake wakaanza kusukuma mawe, wakamaliza na yale ya kusagia. Watuta wengi walifia pale chini, kwenye mwanya kati ya miamba miwili, ambao hadi leo ndiyo njia pekee ya kupandia. Lakini Bibi alisema kilichomaliza vita ni kiu. Kisima kilikuwa kati ya pande mbili, na kila aliyeinama kuchota alichomwa. Mwishowe wakaanza kuchota kwa zamu, upande huu kisha upande ule, na watu wakishakunywa kisima kimoja siku tatu, alisema Bibi, inakuwa kazi kurudi kuuana. Watuta waliobaki hawakuondoka. Walijenga ng'ambo ya kisima, wakaoa kwetu, tukaoa kwao, wakawa watani wetu.

Hadithi hiyo niliijua kuliko mtu yeyote wa umri wangu, na nasema hivyo bila haya kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Niliiandika kwenye daftari la kurasa arobaini na nane. Nilipokosea neno nilichana ukurasa na kuanza upya, hadi daftari likabaki jembamba. Vichwa vya habari vilikuwa kwa kalamu nyekundu. Mahali pa kisima nilipigia mistari miwili. Nilijua wageni husimama wapi, huuliza nini, na nilikuwa nimeandaa majibu. Nilijifanyia mazoezi nyuma ya zizi nikiwahutubia mbuzi, na nikihisi mbuzi mmoja ameondoka kwa sababu nimeharakisha, nilirudia kuanzia mwanzo.

Basi nikakutana na Skolastika.

Tulimwita Skola. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kisima. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, meno ya mbele mawili hayapo, na shuleni alikuwa akishika nafasi ambazo walimu huzisoma haraka haraka. Wageni wakifika, Bibi alimtuma mtu kumwita. Alikuja akikimbia, wakati mwingine na mikono ina unga, akasimama kwenye ule mwanya, mahali penye rundo la mawe yenye ukubwa wa ngumi. Chini ya rundo hilo wamelala Watuta waliokufa siku zile. Skola aliokota jiwe, akalirusha juu ya rundo, likagonga mengine na kutoa ile harufu ya kiberiti, kisha akamgeukia Bibi yangu, mwanamke mwenye mvi, mbele ya walimu na mapadri, akaanza kumtukana.

Alituita wajukuu wa pimbi. Alisema tulijificha mapangoni tukajikojolea mpaka mawe yakaota ukungu. Alisema mababu zetu walikuwa na vichwa vikubwa ndiyo maana mikuki ya Watuta haikuwakosa. Mimi siku ya kwanza nilishika mdomo nikingoja apigwe. Bibi akacheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno, akamwambia Skola kwamba njaa itamuua huku kinywa kikiwa wazi, na wageni nao wakacheka, kisha kila mmoja akaokota jiwe lake, akaliweka kwenye rundo, akapita. Jioni Skola alipewa bakuli la michembe, viazi vikavu vilivyopikwa kwa karanga, akala akiwa ameegemea goti la Bibi.

Kazi yangu ilikuwa maji. Nilichota kisimani, nikapanda na ndoo kichwani hadi kwenye jiwe bapa la juu, nikawapa wageni wanywe, nikianza na Skola. Hilo la kuanza na Skola ndilo lililoniumiza kuliko yote. Alipokea kata kwa mikono miwili, akanywa taratibu akinitazama juu ya ukingo, halafu akaniambia maneno yake. Kwamba natembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kwamba Kiswahili changu cha Kahama kinanuka sabuni. Niliyameza nikayapeleka nyumbani, nikayaandika kwenye kurasa za mwisho za daftari, na mbele ya kila neno niliandika tarehe.

Nilimwomba Bibi aniache na mimi niweke jiwe. Nilimwomba zaidi ya mara moja. Alikuwa mtu wa shughuli, mwenye kofia ya kampuni ya mbolea na simu iliyofungwa kwa mpira, na majibu yake yalikuwa mafupi. Alisema sisi hatuweki jiwe, sisi tunapeleka maji. Hakusema kwa nini. Nafikiri hakudhani kuna mtu wa damu yake asiyejua. Kwake lilikuwa jambo la kujulikana tu, kama vile huingii kwa mtu bila kupiga hodi. Lakini mimi nililikuta neno lile likiwa tupu, nikalijaza kwa akili yangu. Nilielewa kwamba jiwe ni zawadi, na kwamba mimi bado sijastahili.

Mtoto anayeamini hajastahili hupambana. Niliosha vyombo kabla ya kuambiwa. Nilipanga kuni kwa urefu. Nilipata alama zote za hesabu, nikaiweka karatasi chini ya kikombe cha chai cha Bibi, naye akaifutia chai iliyomwagika, akaniuliza kama Skola amekula. Bibi yake Skola, aliyekuwa rafiki wa Bibi tangu usichana na ambaye kabla ya Skola ndiye aliyeweka jiwe la kwanza, alikuwa amezikwa miezi michache kabla sijafika. Nililijua hilo pia. Lilikuwa kwenye daftari. Sikuwahi kufikiri kwamba Bibi anapomtazama yule mtoto akifungua kinywa, kuna mtu mwingine anayemsikia.

Mwisho wa muhula zilitufikia habari kwamba kundi kubwa la wanafunzi lingekuja kutoka Chato. Bibi alifagia njia siku mbili. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba safari hii nataka niwaongoze mimi, na nianze kwa jiwe. Akasema nitawasimulia vita wakifika juu, akipenda mwalimu wao, lakini chini pale ni pa Skola. Kwa mtoto mwingine hiyo ingekuwa furaha. Mimi nilisikia nusu ya pili tu.

Nilikuwa na jiwe langu. Baba alinipa mara ya mwisho alipokuja nyumbani, jeupe, la ukubwa wa yai la bata, kutoka mwambani kule machimboni, na upande mmoja lilikuwa na doa linalong'aa ukiligeuza juani. Aliniambia ni dhahabu. Asubuhi ya siku ile, wakati Bibi anakamua mbuzi, nilikwenda kwenye mwanya peke yangu. Mawe ya Skola yalikuwa ya kijivu, ameyaokota popote. Nilipanda juu ya rundo, nikaliweka langu kileleni kabisa. Lilikuwa limelala upande. Nikalirekebisha. Nikashuka, nikalitazama kwa mbali, nikapanda tena nikaligeuza ili doa lielekee njia. Nilikuwa na furaha ambayo hadi leo nikiikumbuka naona aibu, kwa sababu ilikuwa furaha ya kweli.

Basi la Chato likafika. Watoto wakashuka na sare zao za kijani, mwalimu wao akasalimia, Bibi akaitikia marahaba nyingi. Skola akaja na baba yake, mtengeneza baiskeli, mtu mrefu asiyeongea sana, aliyekuwa akitukana kidogo pia siku za wageni wengi. Tukasogea kwenye mwanya. Skola akainama, akaokota jiwe, akainua mkono, na mkono ukabaki juu.

Aliuliza nani kaweka lile. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza mwenye viatu.

"Mimi," nikasema. "Na ni zuri kuliko yako yote."

Nilitegemea atukane. Nilikuwa tayari. Lakini Skola alilitazama jiwe, akamtazama Bibi, kisha akaliachia lile alilolishika, likaanguka pembeni ya mguu wake. Baba yake akavua kofia. Hakunikemea. Alimshika mwanawe mkono, wakageuka, wakapita katikati ya watoto wa Chato waliokuwa bado wanatabasamu wakidhani ndivyo mambo yanavyokwenda, wakavuka kisima wakaenda kwao.

Bibi alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu pale alipokuwa amesimama.

"Umewapiga tena," akaniambia.

Sikuelewa, na nadhani aliona sielewi, kwa sababu alinivuta karibu akaongea polepole, kwa Kiswahili, si kwa Kisukuma kama alivyozoea akikasirika. Wale waliolala pale waliuawa kwa mawe. Mawe yaliyotoka mikononi mwa bibi zetu. Ndiyo maana mkono wetu hauweki jiwe pale, hata dogo, hata zuri. Wa kwao ndio huweka, kuwafunika watu wao, na wageni wasio na upande. Anayefungua njia ni wa kwao, na asipofungua hakuna anayepita. Akifungua anatutukana, nasi tunacheka, ili ijulikane kwamba deni la damu limebaki maneno. Na sisi tunapeleka maji, tukianza na wao.

Nilikuwa nimekipigia kisima mistari miwili kwa wino mwekundu. Kila siku nilikuwa na kisima kile kichwani, kwenye ndoo, na sikuwahi kukijua.

Nikasema nitalitoa. Nikaanza kupanda rundo nikilia. Bibi akanishika sketi kwa nyuma, akaniambia mkono wangu usiguse tena kitu pale. Alimwomba mwalimu wa Chato awapumzishe watoto. Akanituma nichote maji, ndoo nzima, nimfuate.

Njia ya kwenda kwa kina Skola ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu. Nilikuwa nikiwaza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba watani wakikataa, Lugulu utafungwa, na utakuwa umefungwa na mimi, mtoto wa kuja. La pili naliandika kwa shida: kwamba hata sasa, hata kwa kosa nililofanya mimi, Bibi anamwendea Skola. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umekaa tu pembeni ukinisubiri nimalize kulia.

Baba Skola alikuwa uani, baiskeli imepinduliwa mbele yake, akizungusha gurudumu bila kutengeneza chochote. Bibi hakusalimia kwa utani kama kawaida yake. Alivua kofia, akakunja kanga, akapiga magoti mchangani mbele ya mtu mwenye umri wa mwanawe. Sijawahi kumwona Bibi akipiga magoti nje ya kanisa, si kabla wala baada ya hapo. Nami nikapiga, maji yakanimwagikia kifuani. Bibi akasema mtoto huyu ni wa kwangu, hakufundishwa, kosa ni la mfundishaji.

Baba Skola akamwinua. Alisema yeye hana neno, lakini njia si yake kuifungua, mwenye njia yuko jikoni. Na akamkumbusha Bibi alichojua tayari, kwamba mtani aliyekosewa anachagua faini mwenyewe, na haikataliwi.

Skola alitoka jikoni na macho mekundu. Alikuwa amelia, na lilinishangaza jambo hilo, kwa sababu nilikuwa nimemweka moyoni mwangu kama mtu asiyeumia. Bibi akamwambia kuna kuku, achague. Skola akatikisa kichwa. Baba yake akamwambia aseme anachotaka. Skola akanitazama kiunoni. Nilishika daftari langu, nililokuwa nimelichomeka kwenye mkanda wa sketi tangu asubuhi ili niwasimulie wageni, nikijua analitaka hilo, na nikijua nitampa na moyo utapasuka.

"Anibebe," akasema. "Mgongoni. Mpaka juu."

Tulirudi kwenye mwanya. Skola alipanda rundo kwa uangalifu, akalichukua jiwe langu jeupe, akampa baba yake, ambaye alikwenda kulitupa mbali kwenye pori la minyaa bila kulitazama doa. Skola akachukua jiwe la kijivu, akaliweka. Watu wote wakawa wanangoja matusi. Badala yake akaja nyuma yangu, akanirukia mgongoni, akanikaba shingo.

Alikuwa mzito. Lugulu una mahali pa kupita kwa mikono na miguu, na hapo nilitambaa naye, magoti yakichubuka, watoto wa Chato wakitufuata wakinong'onezana. Na alipokuwa pale mgongoni, mdomo umekaribia sikio langu, akaanza. Alisema kwa sauti ndogo ya kunifaa mimi peke yangu. Kwamba nanuka mbuzi niliowafundisha historia. Kwamba aliwahi kunisikia nyuma ya zizi, na mbuzi walisoma vizuri kuliko mimi. Kwamba kamwona pimbi mmoja ana masikio kama yangu, akamsalimia shikamoo shangazi. Halafu akaniuliza kwa hasira, kama mtu aliyechoka kugonga mlango.

"Kwa nini hunijibu? Kila siku nakutukana, hunijibu. Bibi yako alimjibu bibi yangu mpaka siku anakufa."

Nilisimama pale pale kwenye mteremko. Kurasa zile zote za matusi zenye tarehe, nilizozitunza kama mashtaka, zilikuwa zinangoja jibu. Kumbe alikuwa akinialika, na mimi nilikuwa nikiandika ushahidi. Nikatafuta neno kichwani. Mimi niliyekuwa na majibu ya kila swali la mgeni nilikosa tusi moja. Nilitafuta lililo sahihi, nikalitupa, nikatafuta lingine.

"Babu zako," nikasema nikihema, "walitembea kutoka kusini yote ile, miaka na miaka, wakaja kushindwa na wanawake waliokuwa wanasaga uwele."

Lilikuwa refu mno kwa tusi. Lilikuwa kama sentensi ya daftari. Lakini Skola aliangua kicheko, mwili wake wote ukatikisika mgongoni mwangu hadi tukayumba, akanipiga bega akasema rudia, rudia Baba asikie. Nikarudia kwa nguvu. Kutoka chini nikasikia baba yake akicheka, na baada yake Bibi.

Juu kwenye jiwe bapa nilimtua. Bibi alikuwa amemwomba mmoja wa walimu atupandishie ndoo. Nilichota kata nikampa Skola kwanza, kwa mikono miwili, na hapo nilijua nampa nini. Niliwasimulia watoto wa Chato vita, nikasahau sehemu mbili, Skola akaniingilia mara nne kunipinga. Mwalimu wao alimsifu Skola. Niliumia kidogo, siwezi kudanganya.

Naweza kumalizia hapo na ningeonekana mtoto aliyepona. Lakini kama wiki tatu baadaye nilikwenda kisimani nikamkuta Skola na mtoto wa jirani yetu, wa upande wetu, msichana aliyerudi kutoka Biharamulo. Skola alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akimwambia miguu yake ni kama mchi na kinu vilivyogombana. Yule msichana alikuwa akijibu upesi, bila kufikiri, tusi kwa tusi, na Skola alikuwa akicheka kwa kichwa kurudi nyuma, kicheko kile kile.

Nikasimama na ndoo yangu tupu. Nilikuwa na matusi mapya matano, nimeyaandika, nimeyasahihisha. Nikamwonea wivu yule mtoto aliyekuwa akitukanwa.